Kefa na Visahani vya Ngozi

Mpwa wangu Kefa ana kazi ambayo hata leo siwezi kumweleza mtu akaielewa mara ya kwanza. Nikiulizwa nasema ni fundi umeme, yanaisha. Lakini yeye hafungi umeme, umeme anaukuta. Anachofanya ni kuzifundisha nyumba utii. Watumishi waliohamia Dodoma wamejenga, na wengine wakishajenga hawataki tena kunyanyuka kwenda kuzima taa. Basi anaitwa Kefa. Anakuja na kibegi chake, anafunga vidude nyuma ya swichi, na kuanzia siku hiyo mwenye nyumba anazima taa kwa simu akiwa kitandani, anafungua geti kwa simu akiwa barabarani, na muziki unamfuata kutoka sebuleni mpaka bafuni. Niliwahi kumuuliza kama kuna simu ya kumsaidia mtu kutafuna. Alisema bado.

Ni mtoto wa dada yangu Hilda. Amepanga vyumba viwili Miyuji, na karakana yake ni kona ya stoo yangu ya ngozi pale Majengo. Mimi ni mtu wa ngozi, nanunua mbichi, natia chumvi, nakausha, nauza. Harufu yake imewafukuza wateja wa Kefa wote waliojaribu kumfuata pale, ndiyo maana yeye huwafuata majumbani. Ni kijana mpole, mzito wa maneno. Akiwaza hutafuna kola ya shati, kwa hiyo ukitaka kujua kama kazi imemshinda, mtazame shingoni. Hawezi kupita penye kitu kilichoharibika bila kukigusa. Mizani yangu aliitengeneza bila kuombwa, ikaanza kusema kweli, nikapata hasara.

Huyu ndiye aliyempenda Ruthu, binti wa Mpwapwa anayefanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Ruthu ana macho makavu na akili inayokimbia mbele ya mdomo wake. Alimkubali Kefa mapema, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa kwa baba yake, Mzee Nathanaeli, ambaye alikuwa ametumika miaka mingi kwenye mambo ya mifugo na sasa anafuga kidogo nyumbani kwake. Ruthu alisema wazi kwamba hataolewa bila baraka ya baba, na kwamba baraka hiyo si kazi yake kuitafuta.

Kefa akaenda Mpwapwa kujitambulisha. Habari za siku hiyo nimezipata kwake na kwa Ruthu, na zinafanana, kwa hiyo naziamini. Baada ya shikamoo na uji, mzee aliuliza, "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Naunganisha vitu vya nyumbani na simu, baba."

"Kwani vilikuwa vimeachana?"

Kefa akaona afadhali aonyeshe kuliko aeleze. Akatoa spika ndogo begini, akabonyeza simu, kwaya ikaimba. Mzee akaitazama spika mbele, akaitazama nyuma, akainama kutazama chini ya meza.

"Huo wimbo uko wapi?"

"Uko hewani, baba."

"Na mahari nayo itakuja hewani?"

Halafu, bila hasira, mzee alimpeleka kwenye kabati ambapo gramafoni yake ilikaa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa imekufa zamani. Hata hivyo santuri zake alikuwa bado anazitoa, anazifuta vumbi, anazirudisha. Alimwekea Kefa moja mikononi. "Ukiishika hii," alisema, "unajua umeshika wimbo. Nikimwazima jirani, kwangu haipo, iko kwake, na mpaka airudishe tutakuwa tumesalimiana mara mbili. Huo wako ukimwazima mtu, na wewe unabaki nao. Sasa umemwazima nini?" Mzee akamsindikiza mpaka njiani, akamwambia, "Sikukatai. Ila binti yangu nitampa mtu ambaye kazi yake naweza kuishika."

Alirudi Dodoma na kola imelowa. Nilimwambia jambo ni dogo, atengeneze ile gramafoni, basi. Akatikisa kichwa. "Mota imeungua, mjomba, na sindano yake haipatikani. Na hata nikiifufua, ile ni kazi ya aliyeiunda. Mzee anataka kuona yangu."

Hapo ndipo stoo yangu ilipoingiliwa. Kefa alitaka kuunda gramafoni ndogo, inayoenea kwenye viganja viwili, yenye sahani inayozunguka, mkono wa kushusha, na visanturi vyake vidogo vya kuweka juu. Nilimuuliza nyimbo zitaingiaje kwenye kisanturi cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Alinionyesha stika nyembamba, ndani yake mna chipu isiyo na betri, kila moja na namba yake. Chini ya ile sahani inayozunguka anaficha kisomeo. Ukiweka kisanturi, kisomeo kinasoma namba ya chipu na kuiambia kompyuta ndogo iliyomo ndani ya boksi, nayo inaiambia spika ya nyumbani ipige wimbo fulani. Ukikiondoa, wimbo unanyamaza.

"Kwa hiyo wimbo haumo kwenye kisanturi," nikasema. "Bado unamdanganya mzee wa watu."

"Hata kwenye santuri yenyewe wimbo haumo, mjomba. Mle mna mikwaruzo tu. Wimbo unatokea sindano ikipita." Nikamwambia afagie alipochafua.

Majengo ukitaka kitu cha mviringo kilichonyooka unakwenda kwa mafundi bati. Kefa akaenda, akakatiwa sahani safi ya bati, inang'aa. Akaifunga, akaweka stika, kimya. Akabadilisha waya, kimya. Akakaa na kompyuta yake siku nyingi akitafuta kosa kwenye maandishi yake, akatafuna kola mpaka ikaota nyuzi. Kumbe bati ndilo lililokuwa linameza mawimbi ya kisomeo, chipu inaita na kisomeo hakisikii. Aliligundua siku alipokasirika, akang'oa sahani ile na kuweka kifuniko cha plastiki cha ndoo ya mafuta. Spika ikaimba pale pale, na mimi, sijui kwa nini, nikapiga makofi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Sahani akaichonga ya mbao, na boksi seremala Elieza akamtengenezea la mninga. Mota ilitoka kwenye deki ya zamani. Mkono ulikuwa spoki ya baiskeli iliyopindwa vizuri, chini yake swichi, ili wimbo usianze mpaka mkono ushushwe. Hiyo swichi haikuwa na lazima yoyote, kisomeo kingeweza kuanzisha wimbo peke yake. Lakini Kefa alisema mtu aliyezoea kushusha mkono lazima apewe mkono wa kushusha. Niliona amemwelewa mzee kuliko nilivyodhani.

Tatizo likabaki kwenye visanturi. Vya karatasi ngumu vilijikunja. Vya plastiki nilivikataa mimi, maana mzee angedhani analetewa vifuniko vya siagi. Ndipo nikaitazama stoo yangu mwenyewe. Nilikuwa na vipande vya ngozi vilivyobaki, bado na manyoya, chekundu, cheusi chenye nyota nyeupe, cha kijivu, chenye mabaka, cheupe kilichonyunyiziwa vidoa. Nikavikata mviringo, viwili viwili, chipu katikati, nikashona ukingo kwa uzi wa viatu. Kila wimbo ukapata ngozi yake, kwa hiyo mtu hahitaji kusoma chochote, anautambua wimbo kama anavyomtambua ng'ombe wake. Tukaviita visahani. Vilikuwa kumi na viwili, na nasema bila aibu kwamba vilipendeza.

Nyimbo zilikuwa kazi ya Ruthu. Alikuwa anampigia mama yake simu, anajifanya anapiga soga, kumbe anachunguza baba alicheza dansi gani ujanani na alimpenda mpiga zeze yupi. Kefa alikwenda mwenyewe kwenye sherehe moja kurekodi ngoma za wanawake wa Kigogo. Kile cheusi chenye nyota ndicho kilichotusumbua zaidi. Zamani watu wa redio walikuja kurekodi kwaya ya kanisani kwao, na aliyeanzisha wimbo alikuwa Anjelina, msichana wakati huo, sasa mama yake Ruthu. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na kanda yake. Kefa aliisafisha sauti ile mpaka ikasikika pumzi.

Aliijaribu kwake Miyuji. Tulipoweka kisahani sebuleni, wimbo ukatokea vyumba vyote viwili na jikoni. Ruthu akafurahi, kisha akaagiza nyimbo zihifadhiwe ndani ya boksi lenyewe, pamoja na spika ndogo. Mtandao Mpwapwa upo, alisema, lakini siku ya posa hutegemei kitu kilicho mikononi mwa mtu wa mbali.

Mshenga nilikuwa mimi. Nilivaa koti. Tulikuwa na ng'ombe wanne, Kefa alikuwa amewanunua mmoja mmoja kwa jasho lake, wanachungwa kwa ndugu yetu aliyeko Hombolo. Nilipaswa kuingia na salamu, nimwonyeshe mzee kazi inayoshikika, kisha tuzungumze habari za hao wanne. Kefa kwa mila hakuruhusiwa kukaa kwenye mazungumzo. Aliachwa nje, karibu na zizi, amesimama wima kwenye shati jipya lenye kola ambayo nilimkataza kuigusa.

"Mbukwenyi," nilisalimia mlangoni kwa Kigogo changu cha mjini, wakaitikia kwa furaha. Ndani alikuwepo Mzee Nathanaeli na mdogo wake Zablon, mtu mwembamba mwenye macho ya kuhesabu. Wanawake walikuwa jikoni. Baada ya maziwa na maneno ya njiani, nikafungua kibegi. Sasa mimi nimefanya biashara ya ngozi maisha yangu yote, na katika biashara yetu mteja huonyeshwa mali yote kwanza. Hutoi moja moja kama mtu anayeficha. Basi kabla hata sijaitoa gramafoni, nikavipanga vile visahani kwenye mkeka mbele ya mzee, safu moja, kimoja baada ya kingine, manyoya juu.

Zablon akasogea. Akaonyesha chekundu kwa kidole bila kukigusa. "Huyu ni jike?"

"Jike," nikasema, maana ngozi zangu nazijua. "Alizaa mara nyingi."

"Na huyu wa mabaka?"

"Dume, mkubwa sana." Nilifurahi kukutana na watu wanaojua mali. Nikaendelea kuwaeleza, huyu alitoka wapi, yule alikuwa mnene kiasi gani. Mzee Nathanaeli alisikiliza akinitazama usoni kwa heshima ambayo sikuwa nimeizoea.

Zablon alipomfikia wa mwisho, alivuta pumzi. "Mmetuheshimu," alisema. "Ng'ombe wote hawa, na mazungumzo hayajaanza." Jikoni mtu akapiga kigelegele.

Niliogopa, sina haja ya kuficha. Nikaomba ruhusa ya kwenda kushauriana na watu wangu, ambayo mshenga hanyimwi, nikatoka mpaka zizini. Ruthu alikuwa ameshafika kwa mlango wa nyuma, na unga mikononi.

"Mjomba, umevipanga," alisema.

"Nimevipanga. Kuna nini?"

Akanieleza upesi. Ukoo wao hauhesabu ng'ombe kwa mdomo, wanaamini kuhesabu kwa sauti ni kumwita fisi. Siku ya mahari mshenga huweka kitu mbele ya mzee, kijiti, punje, jiwe, na kila kilichowekwa ni ng'ombe mmoja aliyetolewa. Yeye alijua nitatoa visahani kimoja kimoja na kuviweka juu ya gramafoni, hakufikiria safu. Mimi nimezaliwa Majengo. Ng'ombe nimewajua wakiwa wameshakuwa ngozi.

"Basi naviokota, naomba radhi," nikasema.

"Ukiokota hata kimoja, posa imekufa. Aliyeweka haokoti. Anayeweza kurudisha ni baba tu. Anachokisukuma kwako, amekusamehe. Anachobaki nacho, anakidai."

Kefa alikuwa amekwishaanza kutafuna kola. Wanne alionao walikuwa wamemchukua miaka, na kumi na wawili wangemfikisha uzeeni. "Mjomba," alisema polepole, "sasa mzee atavipenda, na akivipenda tumekwisha."

"Washa chombo," Ruthu alisema. "Mwambieni ukweli wote, halafu mwacheni baba awe baba." Akarudi jikoni.

Nikarudi ndani, nikaweka gramafoni mezani, nikasema ukweli wote. Kwamba vile ni visahani vya nyimbo, kwamba kazi ni ya Kefa kuanzia sahani inayozunguka mpaka mkono wa spoki, kwamba aliyevipanga ni mjinga wa mjini na ndiye huyu. Zablon hakutaka hata kunisikiliza. "Kilichowekwa kimewekwa," alisema. Mzee Nathanaeli aliinyanyua gramafoni, akaupima uzito wake, akaigeuza, akakwaruza mninga kwa ukucha, akazungusha sahani kwa kidole. "Hii inashikika," alisema. Angalau hilo lilikuwa limepita.

Akachukua chekundu, akakiweka, akashusha mkono taratibu, na dansi la ujanani mwake likajaa chumbani. Mzee alikaa wima. Mguu mmoja ukaanza kupiga chini, akauzuia, ukaanza mwingine. Wimbo ulipokwisha aliinua mkono wa spoki, akakitoa kisahani, akakilaza manyoya kwa kiganja, akakishika muda mrefu kidogo. Kisha akakisukuma upande wangu.

"Kaka," Zablon akasema.

"Nimesikia."

Akaweka cha mabaka. Zeze. Akasikiliza mpaka mwisho, akakisukuma. Akaweka cha kijivu, ngoma za wanawake, na jikoni wakaanza kuitikia mpaka sufuria zikalia. Akakisukuma. Nilianza kumhurumia, maana nilimwona anavyovipenda, na kila alichokipenda alipaswa kukitoa mkononi mwake mbele ya shahidi. Aliheshimu kila kimoja, hakukatisha wimbo hata mmoja, maziwa yangu yakaganda kwenye kikombe.

Mwisho akakifikia kile cheusi chenye nyota. Akashusha mkono. Sauti ya msichana ikaanza peke yake, safi, kabla kwaya haijamfuata. Mzee akageuza kichwa kuelekea jikoni. Mkewe, Mama Anjelina, alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi, anasikiliza sauti yake mwenyewe ya zamani na mdomo wazi. Wimbo ulikwisha. Mzee akakitoa kisahani, akakifumbata kabisa, na hakukisukuma.

"Huyo amebaki," Zablon alisema haraka. "Huyo anahesabika."

Mama Anjelina akafuta macho kwa upande wa khanga, kisha akamwambia mumewe, "Mrudishie mtoto wa watu ng'ombe wake. Mimi nipo hapa. Ukitaka kunisikia, niambie niimbe."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akafumbua mkono, akakisukuma na chenyewe. "Wa kweli mnao wangapi?" aliniuliza. Sikusema kwa mdomo, angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Nikakusanya kokoto nne mlangoni, nikaziweka mbele yake. Akazitazama, akamtazama Zablon, akazivuta kwake zote nne. Zablon akanywa maziwa yake, na nilipomwona anayamaliza nikajua tumemaliza.

"Mwiteni huyo aliye zizini," mzee akasema.

Kefa aliingia ameinama, kola imelowa nusu. "Shikamoo, baba," alisema, akaketi ukingoni mwa mkeka. Mzee akakusanya visahani vyote kumi na viwili, akampa mikononi.

"Hivi ni vyako, nimevirudisha mbele ya watu, siwezi kubaki navyo. Chombo nakiweka pale kabatini. Umenielewa?"

Kefa hakuelewa. Nilimwona. Alitazama mikono yake iliyojaa ngozi, akanitazama mimi, na uso ukamsawajika kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Nilitaka kumpiga kiwiko, lakini alikuwa mbali.

"Chombo bila visahani hakitaimba, baba," alisema.

"Ndiyo," mzee alisema. "Kwa hiyo utakuwa unakuja navyo."

Ruthu, huko jikoni, akacheka kwa sauti bila kujali mila ya mtu. Kefa akavifunga visahani kwenye kitambaa, taratibu.

"Nije lini, baba?"

"Jumapili ijayo," mzee akasema. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na usije navyo vyote kwa mara moja."